Karakana ya kupaka nikeli Gerezani: nimewapa nyota 4, na nyota ya 5 naijua ilipo

Habari za muda wakuu. Naandika hii kwa sababu mwaka jana nilizunguka karibu Dar nzima natafuta mtu wa kunipakia nikeli nene, siyo ile ya kung'arisha bampa ya gari tu, na sikukuta mahali mtu kaandika kitu cha maana kuhusu hawa mafundi. Kwahiyo aliyeko kwenye hali niliyokuwa nayo mimi asome hadi mwisho, ni ndefu kidogo ila kila kitu humu nimekilipia kwa hela yangu. Jina la karakana sitaliweka, mzee mwenyewe kaomba hivyo maana nafasi ni ndogo na wateja alionao wanamtosha, ila ukishuka mwendokasi pale Gerezani unaingia ndani kwa mafundi wa chuma, unauliza kwa wachonga spea wapi wanapaka nikeli, watakupeleka.

Kwanza niseme nilikuwa natafuta nini. Nasoma masta ya uhandisi upande wa metali na kazi yangu ni nikeli yenye fuwele za nano. Kwa asiyejua, metali yoyote unayoishika, nondo, sufuria, kitasa, ndani yake imejengwa na fuwele ndogo ndogo zilizobanana, na kwenye nikeli ya kawaida fuwele moja inaweza kuwa na upana wa mikroni 10 au zaidi, mikroni moja ni milimita umeigawa mara elfu. Ukifanikiwa kuzishusha chini ya nanomita 100, yani chini ya mikroni 0.1, hapo ndo tunaiita metali ya fuwele za nano na tabia yake inabadilika kabisa. Timu ya mtafiti Uwe Erb kule Kanada walionyesha nikeli ile ile, fuwele zikiwa za mikroni 10 ugumu wake ni kama 140 kwa kipimo cha ugumu cha Vickers, zikishuka mpaka nanomita 10 ugumu unapanda mpaka kama 650. Hujaongeza chuma wala kitu kingine chochote cha maana, umepunguza tu ukubwa wa fuwele.

Na hawa walitumia umeme na maji ya nikeli, yani kazi ile ile ya kupaka inayofanyika Gerezani. Hiyo ndo iliyonifanya niache kulia na mashine ambazo hatuna. Njia ya mwanzo kabisa ya Herbert Gleiter kule Ujerumani, miaka ya 1980, ilikuwa unachemsha metali mpaka inakuwa mvuke ndani ya gesi, unakusanya unga wake halafu unaukandamiza mpaka unashikana, na unga ukikandamizwa unabaki na vitundu ndani, ndo maana vipimo vya kwanza vya hizi metali vilichanganya watu sana, walidhani metali yenyewe imepungua ukakamavu kumbe ni vitundu. Ya umeme haina shida hiyo kwa kiasi kikubwa, inajijenga atomu juu ya atomu na inatoka imejaa. Miaka ya 1990 wakaitumia Ontario, kule kule Kanada, kukarabati mabomba ya ndani ya mitambo ya nyuklia kwa kuyapaka nikeli hiyo kwa ndani, kwahiyo siyo kitu cha makaratasi.

Basi nikaenda. Banda la mabati, matangi ya plastiki nene yamepangwa mstari, la sabuni, la tindikali, la kusuuzia, halafu la nikeli lenyewe ambalo maji yake ni ya kijani mpaka unatamani kuyaangalia tu. Ndani ya tangi kuna kikapu cha titani chenye vipande vya nikeli kimevalishwa mfuko wa kitambaa ili uchafu usielee, pembeni rektifaya kubwa, mashine ya kugeuza umeme wa ukutani uwe wa njia moja, inanguruma.

Nikamsalimia, shikamoo mzee, marahaba binti yangu, umeleta bampa au rimu? Nikamwambia sijaleta gari, nataka unipakie nikeli juu ya bamba la chuma kisichoshika kutu, unene wa milimita 0.2, halafu naibandua nabaki na nikeli tupu. Akaniangalia muda. Akasema hiyo kwa amp nne kwa desimita mraba ni saa nne na kitu, na bamba lisisafishwe sana maana ikishika vizuri hutabandua. Hapo ndo nikajua nimefika, kwa sababu hesabu hiyo ni sahihi kabisa, amp moja kwenye desimita mraba moja inajenga kama mikroni 12 kwa saa, na yeye hajaishika kwenye kitabu, kaishika kwa miaka.

Maji yake ni yale yanayoitwa ya Watts, Mmarekani aliyeyatangaza mwaka 1916, salfeti ya nikeli, kloraidi ya nikeli na asidi ya boriki, anayaendesha nyuzi 50 hivi. Kuna kopo moja kaliweka juu ya shelfu, unga mweupe, nikamuuliza hiyo nini akasema sukari ya kung'arishia. Ni sakarini. Ile ile ya kutia utamu. Kafundishwa na bosi wake wa zamani kwamba usipoweka nikeli inatoka na ukungu, ukiweka inatoka kama kioo, na hakuna aliyewahi kumwambia kwanini.

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hii ndo sehemu iliyonifurahisha kuliko zote. Molekuli za sakarini zinakaa juu ya uso wa nikeli inapojijenga na kuizuia fuwele isiendelee kukua, kwahiyo nikeli inalazimika kuanzisha fuwele mpya kila mara badala ya kunenepesha ile ya zamani, unaishia na mamilioni ya fuwele ndogo sana. Uso wenye fuwele ndogo hautawanyi mwanga ovyo, ndo maana unang'aa. Mng'ao anaousifia mteja wa bampa na ugumu ninaoutafuta mimi maabara vinatoka kwenye kopo moja. Mzee nilipomwambia kwamba miaka yote hiyo amekuwa akitengeneza fuwele ndogo ambazo watu wanaziandikia tasnifu alikaa kimya, akawaita vijana wake wawili, akaniambia haya waelezee na hawa.

Nikawaelezea hivi, na naamini inaeleweka. Metali inapokunjwa au kuvutwa, atomu hazitelezi zote kwa pamoja, kuna kasoro nyembamba kama mstari zinatembea ndani ya fuwele, tunaziita dislokesheni, zikitembea kirahisi metali ni laini. Chukua mkokoteni unaotoka Gerezani na mzigo kuelekea mtaa wa Kongo. Kwenye barabara ndefu iliyonyooka unakimbia. Ukiingia kwenye vichochoro vya meza za mitumba kila hatua tatu kuna kona, unasimama, unageuza, mkokoteni wa nyuma nao unakwama. Mipaka ya fuwele ndo hizo kona. Fuwele zikiwa ndogo kona ni nyingi na metali inagoma kukunjika. E. O. Hall mwaka 1951 na N. J. Petch mwaka 1953, wote wakifanya kazi Uingereza, waliliweka hili kwenye hesabu, kwamba nguvu inayoongezeka inaendana na moja chini ya kipeuo cha pili cha ukubwa wa fuwele, yani ukizipunguza mara 100 nyongeza inakuwa mara 10.

Kijana mmoja akauliza swali zuri sana, sasa tukipunguza tu bila kuacha si itakuwa ngumu kuliko almasi? Hapana. Ukifika nanomita kumi na kitu au ishirini hivi kushuka chini, hesabu ya Hall na Petch inaanza kuyumba, na kwenye metali kadhaa ugumu unaacha kupanda au hata kushuka. Kichochoro kimekuwa kidogo mpaka mkokoteni hauingii kabisa, lakini ukisukuma umati, meza zenyewe zinaanza kusogea. Fuwele zinateleza moja juu ya nyingine kwenye mipaka. Mwaka 1998 Schiøtz na wenzake wa Denmark walilionyesha hilo kwa kompyuta kwenye shaba, na mpaka leo watu wanabishana nini kinatokana na tabia ya metali na nini kinatokana na ubovu wa sampuli. Kwahiyo kuna kiwango kizuri na ukipitiliza unapoteza.

Sasa matokeo. Batchi ya kwanza mzee alipaka kwa mazoea yake, sukari kwa kukadiria na kijiko. Nikazipeleka kwenye mashine ya Vickers, ile inayokandamiza kipiramidi cha almasi cha nyuzi 136 halafu unapima alama iliyobaki. Zilitoka hazieleweki, kipande kimoja 280, kingine 400, bamba lile lile siku ile ile upande wa chini na wa juu tofauti. Kwa mteja wa bampa hiyo siyo shida, zote zinang'aa. Kwangu mimi ni kazi bure.

Nikarudi nikamwomba tupime kila kitu. Hakukasirika, na nataka hili lijulikane maana mafundi wengi ukiwaambia habari ya kupima wanaona unawadharau. Akamtuma kijana kwa jirani yake sonara akaazime mizani ya dhahabu, tukapima sakarini kwa gramu, tukaweka kipimajoto ndani ya tangi, tukasogeza bamba liangaliane vizuri na kikapu cha nikeli ili umeme usirundikane kwenye kingo, na karatasi za kupimia uchachu tukawa tunatumbukiza kila nusu saa. Daftari la kaunta likafunguliwa siku hiyo. Batchi hiyo vipande vyote vilitoka juu ya 450 na tofauti kati yao ndogo sana, na kwenye miale ya X, ukitumia hesabu ya Scherrer ambayo inasoma upana wa vilele kwenye grafu ya miale hiyo, fuwele zilikuwa chini ya nanomita 50. Nilirudi Gerezani na karatasi ya matokeo nikambandikia mzee ukutani, ipo mpaka leo.

Batchi ya tatu ndo iliyonitoa machozi. Umeme ulikatika katikati ya kazi, jenereta ikachukua kama dakika ishirini kuwaka, kijana wa zamu akaliacha bamba humo humo tangini na umeme uliporudi akaendelea kama hakuna kilichotokea. Kwa macho huwezi kujua. Nilipoanza kukata sampuli, nikeli ikaachana katikati kama chapati ya kusukuma vibaya, tabaka mbili safi kabisa. Sababu yake ni kwamba nikeli ikikaa bila umeme inajitengenezea ngozi nyembamba sana ya oksidi, nikeli mpya haiishiki hiyo ngozi. Ilitakiwa bamba litolewe, lipitishwe kwenye tindikali kuiamsha, lisuuzwe, ndo lirudi. Wiki mbili zangu zilienda hapo na tarehe ya kukabidhi ilikuwa inakuja. Mzee alirudia kazi bila kunichaji na akamwelekeza kijana mbele yangu, lakini hakuniambia kwamba umeme ulikatika, niligundua mwenyewe. Nyota moja imeondoka hapo. Jamani ukipeleka kazi nene pale uliza swali hilo hilo siku ya kuchukua, umeme ulikatika?

Kuhusu kuvuta, niseme ukweli maana watu wakisikia ngumu mara tatu wanadhani ni bora mara tatu. Sampuli zangu, zile zenye kiuno chembamba katikati, nilizivuta kwenye mashine. Zilibeba mzigo mkubwa sana kuliko nikeli ya kawaida, halafu zikakatika ghafla hazijarefuka hata asilimia 5, wakati nikeli laini iliyopozwa taratibu inarefuka asilimia 40 na kitu kabla ya kukatika. Kwenye fuwele ndogo dislokesheni hazina nafasi ya kurundikana na kukomazana, kwahiyo sehemu moja ikianza kulegea inalegea hapo hapo mpaka inakatika. Na sakarini inaacha salfa ndani ya nikeli, salfa inakaa kwenye mipaka na kuidhoofisha, kwahiyo ukiongeza sukari ovyo ukidhani unaongeza ugumu unaongeza uvunjikaji.

Duniani wameshapata njia za kulizunguka hilo. Mwaka 2002 Yinmin Wang na En Ma na wenzao walichanganya fuwele ndogo na kubwa ndani ya shaba moja, ikabaki na nguvu na kuvutika pia. Mwaka 2004 kundi la Lu Ke kule China wakatengeneza shaba yenye tabaka pacha za nano ndani ya fuwele, yani tabaka nyembamba ambazo mpangilio wa atomu wa moja ni kama picha ya kioo ya mwenzake, ikabeba mvuto wa zaidi ya megapaskali 1,000 na bado ikapitisha umeme karibu sawa na shaba ya kawaida. Hiyo shaba nayo ni ya kupakwa kwa umeme. Nikisoma vile na kuliangalia lile banda la mabati, siwezi kuacha kufikiria kinachoweza kutoka pale mtu akiwapa rektifaya nzuri ya kuwasha na kuzima kwa milisekunde na mtu wa kukaa nao.

Kwa mteja wa kawaida wa mashine, ushauri wangu ni huu. Shafti ya pampu iliyolika, pini, bushi, vitu vinavyosuguana kwenye maji, peleka, utafurahi. Kitu kinachopigwa nyundo au kukunjwa kila siku, usipeleke, tabaka litapasuka. Kitu kinachokaa kwenye joto kali kama karibu na ekzosi pia hapana, kwa sababu fuwele hizi zina hamu ya kukua, ukizipasha kuanzia nyuzi mia mbili na kitu zinaanza kumezana na ugumu wote unaoulipia unarudi ulikotoka. Na kama shafti yako ni chuma kilichokomazwa sana mwambie mzee kabla, maana wakati wa kusafisha kwa tindikali na kupaka haidrojeni inaingia ndani ya chuma na kinaweza kuvunjika chenyewe baada ya siku kadhaa, lazima iokwe nyuzi 190 hivi kwa saa kadhaa mara tu ikitoka tangini. Pale hawana oveni, nilimpeleka mzee kwa jamaa anayeoka rangi za unga na wamekubaliana.

Bei kwangu ilikuwa elfu 60 kwa bamba la unene ule, shafti fupi ya pampu alinichaji elfu 45. Siyo rahisi lakini unene anaoahidi ndo unaoupata, nimepima kwa maikromita mwenyewe. Risiti utaomba mara mbili. Muda, akikwambia Alhamisi nenda Jumamosi.

Kitu kingine nilichomwambia mzee uso kwa uso na narudia hapa kwa heshima zote, vijana wanaingiza mikono mitupu kwenye maji ya nikeli. Misombo ya nikeli ipo kundi la 1 la IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, yani inajulikana kusababisha saratani, hasa ukiivuta kama mvuke au vumbi, na ngozini inaleta upele usioisha, ukishaupata hata saa ya mkononi huvai tena. Nilipeleka boksi la glavu ndefu, wiki ya kwanza walivaa, wiki ya tatu nikakuta zimetundikwa msumarini. Maji ya kusuuzia wanayakusanya kwenye mapipa, hawamwagi mtaroni, hilo nawapongeza sana maana sumu ikiingia mtaroni haiishii mtaroni. Sasa wavae glavu.

Shafti niliyosema ni ya mjomba, pampu ya kisima cha Mbagala ambayo inauzia maji majirani, maji yake yana chumvi na mchanga na shafti ya zamani ilikuwa inalika kwenye sili kila baada ya miezi miwili mitatu. Hii ya nikeli imeingia mwezi wa tano sasa. Jumapili iliyopita tuliifungua nikaipima kwa vernia pale sili inapokaa, nikaona mchirizi mwembamba unaouona ukiugeuzia jua tu, ukipitisha kucha haukwami. Tukairudisha. Mjomba ameniuliza kama na ile ya kisima cha pili naweza kuipeleka, nimemwambia Jumatatu nitapita naye mwenyewe amwone mzee, na nitabeba boksi jingine la glavu.